Kuchagua matairi yanayobana matumizi ya mafuta kwa gari dogo

Wengi wanaonunua Toyota Aqua, Prius, Vitz, Honda Fit au Nissan Note huyanunua kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba magari hayo hayali mafuta mengi. Matairi ya awali yanapokwisha kashata, yaani mpira wenye michoro unaogusa barabara, mwenye gari huingia dukani na kuulizwa mambo mawili tu, saizi na bei anayoiweza, kisha hufungiwa matairi yoyote yaliyopo. Swali la tatu, ambalo ndilo linalogusa kile kilichomfanya alinunue gari hilo, haliulizwi: tairi hili hupoteza nguvu kiasi gani linapozunguka? Jibu lake hupimwa kiwandani na hutolewa kwa herufi au kwa namba, na mnunuzi anayejua pa kulitafuta hana haja ya kutegemea maneno ya muuzaji.

Tairi linapokanyaga lami, sehemu iliyobeba uzito hubonyea, na linapoendelea kuzunguka sehemu hiyo hurudi katika umbo lake huku nyingine ikibonyea. Mpira haurudishi nguvu yote iliyotumika kuubonyeza. Kiasi fulani hupotea kuwa joto, na ndiyo maana tairi huwa na moto hata kama breki hazijakanyagwa safari nzima. Upotevu huu ndio sehemu kubwa ya ukinzani wa kuviringika. Kipimo chake huandikwa kwa kilo kwa kila tani ya uzito uliobebwa na matairi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, likiwa na matairi ya kipimo cha 11, linazuiwa muda wote na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 16.5, likifungwa matairi ya kipimo cha 7, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 10.5. Tofauti hiyo ya kilo 6 injini huilipia katika kila mita inayokwenda, kwenye tambarare na kwenye mlima.

Kwa gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, jambo hili lina uzito zaidi. Gari la kawaida hupoteza nguvu nyingi kila linapofunga breki kwenye foleni, ilhali haibridi huirudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Joto linalopotelea ndani ya tairi halirudi popote. Kwa hiyo kadiri mtambo wa gari unavyokuwa mwangalifu wa nguvu, ndivyo tairi baya linavyochukua fungu kubwa zaidi la kile kinachobaki. Kwa mwendo wa mjini na wa kati fungu hilo huonekana wazi, lakini ukishapita kilomita 90 kwa saa barabarani, upinzani wa hewa ndio hutawala, na hakuna tairi litakaloficha gharama ya kukimbiza gari.

Kanuni inayokubalika na wataalamu wengi ni kwamba ukinzani wa kuviringika ukipungua kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hupungua kwa asilimia 1 hadi 2. Si namba kubwa, na ni vizuri kuifahamu mapema ili usinunue ndoto. Anayekuahidi kuokoa robo ya mafuta kwa kubadilisha matairi anauza kitu kingine.

Sasa tuangalie mahali pa kusoma daraja la tairi. Mifumo miwili ndiyo yenye manufaa kwetu, kwa kuwa matairi mengi yanayofika Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ama yametengenezwa kwa soko la Japani, ama yanauzwa pia barani Ulaya. Chama cha watengenezaji matairi wa Japani kilianza mfumo wake wa madaraja mwaka 2010. Ukinzani hupewa AAA, AA, A, B au C, na mshiko kwenye barabara yenye maji hupewa herufi ndogo a, b, c au d. Tairi huruhusiwa kuitwa la kubana mafuta iwapo tu lina daraja A au zaidi kwa ukinzani na liko kati ya a na d kwa mshiko. AAA maana yake ni kipimo kisichozidi 6.5, AA huanzia 6.6 hadi 7.7, A huanzia 7.8 hadi 9.0.

Umoja wa Ulaya ulianza kudai lebo kwenye matairi mapya mwaka 2012 na ukaifanyia marekebisho kuanzia tarehe 1 Mei 2021. Lebo ya sasa ina madaraja matano, kuanzia A hadi E, kwa mafuta na kwa mshiko wa mvua, pamoja na kipimo cha kelele. Mipaka ya madaraja matatu ya juu ya mafuta kwa magari madogo inalingana na ile ya Japani: A ya Ulaya ni sawa na AAA, B ni sawa na AA, na C ni sawa na A. Chini yake D huishia 10.5, na E ni kila kinachozidi hapo. Lebo hiyo ina alama ya mraba ya kuchanganuliwa kwa simu, nayo hukupeleka kwenye kanzidata ya Umoja wa Ulaya iitwayo EPREL, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote duniani bila malipo. Hata kama tairi lililoko mbele yako Kariakoo halina lebo, andika jina la kampuni, jina la muundo na saizi kamili, na kama muundo huo unauzwa Ulaya utapata daraja lake. Saizi isiachwe nje, kwa sababu muundo mmoja unaweza kuwa na daraja B katika saizi moja na D katika nyingine.

Lebo ni karatasi, na karatasi hutolewa mapema au hupotea safarini. Kuna alama nyingine iliyochongwa kwenye mpira wenyewe ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuijua. Inama uangalie ubavu wa tairi, utafute herufi E iliyo ndani ya duara ikifuatwa na namba. Jirani na hapo huwa na namba ndefu ya idhini, na mwishoni mwake mara nyingi huandikwa S2WR2 au kitu kinachofanana na hicho. S ni sauti, W ni mshiko kwenye maji, na R ni ukinzani wa kuviringika. R1 kwa gari dogo maana yake kipimo cha tairi hakizidi 12.0, R2 maana yake hakizidi 10.5. Alama hii haikwambii kwamba tairi ni bora, bali inakuhakikishia kwamba si miongoni mwa yale mabaya kabisa. Tairi ambalo halina R kabisa, wala halimo kwenye kanzidata, wala halimo kwenye orodha ya mtengenezaji, mimi ningeliacha dukani hata kama bei yake ni nzuri, maana utakuwa unanunua gizani.

Majina yanayovutia hayatoshi. Bridgestone wana Ecopia, Dunlop wana Enasave, Yokohama wana BluEarth, Toyo wana NanoEnergy, Michelin walikuwa na Energy Saver, Continental wana EcoContact, Goodyear wana EfficientGrip na Hankook wana Kinergy Eco. Mengi ya hayo ni matairi mazuri kwa kazi hii, lakini jina ni la biashara, na ndani ya familia moja ya majina kuna miundo ya miaka tofauti na ya masoko tofauti. Vilevile usidanganyike na namba inayofuata neno TREADWEAR ubavuni mwa matairi yanayolenga soko la Marekani. Hiyo inahusu kuchakaa kwa kashata, haihusu mafuta, na mara nyingine tairi linalodumu sana ndilo lenye ukinzani mkubwa.

Kabla ya kuchagua kwa herufi ya mafuta peke yake, tazama herufi ya mvua. Zamani mambo haya mawili yalivutana waziwazi: mpira usiopoteza nguvu ulikuwa mpira usioshika barabara. Mapema miaka ya 1990 watengenezaji, Michelin wakiwa mbele, walianza kuweka silika, madini yapatikanayo kwenye mchanga, badala ya sehemu ya masizi ya kaboni katika mpira wa kashata, na ukinzani ukashuka bila mshiko wa mvua kuporomoka. Hata hivyo mvutano haujaisha, na baadhi ya matairi ya bei nafuu yamepata herufi nzuri ya mafuta kwa kutoa mhanga breki. Chini ya lebo ya kwanza ya Ulaya, tofauti kati ya seti ya daraja la juu kabisa la mshiko na la chini kabisa, gari likifunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa kwenye maji, iliweza kufika mita 18. Hizo ni urefu wa magari manne hivi yaliyopangwa nyuma kwa mbele. Anayeendesha msimu wa masika kwenye barabara ya Morogoro au kuteremka Mai Mahiu kukiwa na ukungu na utelezi hana sababu ya kukubali mshiko wa D kwa ajili ya lita chache. Kwa maoni yangu, kwa mfumo wa Ulaya, B ya mvua na C ya mafuta ni bora kuliko A ya mafuta na D ya mvua, na kwa mfumo wa Japani nisingeshuka chini ya c.

Saizi ndiyo sehemu ambayo makosa mengi hufanyika, na chanzo chake ni nia njema. Aqua nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 175/65R15 84S. Kwa kuwa gari hilo liko chini na matuta yetu hayana huruma, mafundi wengi hushauri 185/65R15 ili liinuke. Piga hesabu: la kwanza lina kipenyo cha milimita 608.5, la pili milimita 621.5. Gari huinuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 6.5, pungufu ya unene wa kidole kidogo. Kwa faida hiyo ndogo unapata tairi pana zaidi na zito zaidi, ambalo linaweza kugusa plastiki ya ndani ya tao la gurudumu usukani unapokatwa hadi mwisho. Wale wanaotaka rimu kubwa zenye matairi mapana na mafupi ya ubavu hupoteza zaidi. BMW ilipolileta gari lake la umeme la i3 mwaka 2013 ilikwenda njia iliyo kinyume, ikalipa matairi marefu na membamba ya 155/70R19, kwa sababu tairi la kipenyo kikubwa hubonyea kwa upole zaidi na lililo jembamba hukata hewa vizuri. Wewe huna haja ya kubuni. Baki na saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Namba inayofuata saizi isishuke kamwe. 84 maana yake tairi moja hubeba kilo 500, 81 ni kilo 462, na 91, ambayo Prius ya matairi ya 195/65R15 huhitaji, ni kilo 615. Herufi ya mwendo S inaruhusu kilomita 180 kwa saa, kiwango ambacho hakuna barabara yetu inayokihitaji, hivyo usilipie V ukidhani ni ubora wa jumla.

Kwa anayepokea gari bandarini, kuna jambo la kukagua kwanza. Magari kutoka mikoa ya baridi ya Japani mara nyingi hufika na matairi ya theluji. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na kashata zake zimekatwakatwa na mistari mingi myembamba kama meno ya chanuo. Mpira wake ni laini kwa makusudi, kwa sababu ulitengenezwa kwa barafu. Kwenye lami ya Dodoma au Tanga yenye jua kali huchakaa haraka na hunesanesa kwenye kona, na kwa kawaida hula mafuta kuliko tairi la kiangazi. Ukiyakuta, usisubiri yaishe. Papo hapo angalia pia tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi jipya lililokaa ghalani miaka mingi limeanza kukauka, na mtumba usiojulikana ulikotoka hauna daraja lolote la kuaminika, hata kama ubavuni umeandikwa jina kubwa.

Barabara unayopita nayo ina neno. Vipimo vya kiwandani hufanyika kwenye pipa la chuma linalozunguka, tairi likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwenye lami nzuri matokeo hayo hufuata ukweli. Kwenye changarawe na vumbi, udongo wenyewe hubonyea na kula nguvu, na tofauti ya herufi moja humezwa humo. Tena baadhi ya matairi ya kubana mafuta hupunguziwa uzito kwa ubavu mwembamba na kashata isiyo na kina kirefu, na hayapendi mawe makali wala ukingo wa shimo. Ikiwa nusu ya safari zako ni barabara ya vumbi ya kwenda shamba, nunua tairi la kawaida lenye ubavu imara na mshiko mzuri, na uache herufi ya mafuta iwe ya C au hata D bila majuto.

Je, linalipa? Chukua gari linalotumia lita 5 kwa kilomita 100 na mwenyewe huendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, yaani lita 1,000. Akitoka kwenye tairi la kipimo cha 11 kwenda la 7.5, ukinzani unapungua kwa takriban asilimia 32, na mafuta yanayookolewa ni kati ya lita 32 na 64 kwa mwaka. Dereva wa teksi ya mtandao anayekwenda kilomita 50,000 huokoa kati ya 80 na 160. Anayekwenda kilomita 6,000, kanisani, sokoni na kazini jirani, huokoa kati ya 10 na 19 tu. Zidisha lita hizo kwa bei elekezi ya mwezi huo, ile ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA ukiwa Tanzania au EPRA ukiwa Kenya, kisha kwa miaka ambayo matairi yatadumu, ulinganishe na tofauti ya bei ya seti mbili za matairi manne. Hesabu hiyo huonyesha jambo ambalo wauzaji hawalisemi: faida kubwa iko katika kuikimbia E, si katika kuifukuzia A. Kutoka C kwenda B mara nyingi ni asilimia moja au mbili za mafuta, na haistahili kulipiwa bei maradufu.

Matairi mazuri yakiwa na upepo pungufu ni fedha iliyotupwa. Kibandiko cha Kijapani huandika upepo kwa kPa, na mafundi wa pembeni mwa barabara hutumia psi, ndipo namba hukisiwa. Gawanya kPa kwa 6.9: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 250 ni psi 36. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi lenye joto hudanganya kwa kuonyesha zaidi, na nunua geji yako mwenyewe ya kuweka kwenye dashibodi, maana geji za kompresa za mitaani zimeangushwa mara nyingi. Kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2, kwa hiyo aliyeacha psi 33 zishuke hadi 25 ameongeza matumizi yake ya mafuta kwa asilimia 1.6, na amekula mabega ya kashata. Kuzidisha sana nako hakufai, kwani eneo linalogusa barabara hupungua na gari huruka kwenye mashimo. Kuhusu gesi ya naitrojeni inayouzwa vituoni, hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na ukinzani haubadiliki kwa kulipia iliyobaki; kinachobadilisha ni kiasi cha upepo. Siku ya kufunga matairi mapya, omba magurudumu yapangwe kwa mashine, kwa sababu magurudumu ya mbele yasiyoelekea sawa hujiburuza muda wote yanapozunguka.

Linabaki suala la kupima matokeo, na hapa watu wengi hulaumu tairi bila haki. Ukinzani hupungua kadiri kashata inavyokwisha, kwa kuwa mpira wa kubonyea ni mchache. Aliyekuwa na matairi ya kipara kisha akafunga mapya ya daraja B anaweza kuona matumizi yamepanda kidogo wiki ya kwanza, kumbe analinganisha jipya na lililokufa. Ongeza na udanganyifu wa mita ya kilomita: tairi jipya lenye kashata ya milimita 8 ni kubwa kwa kipenyo kuliko lililobakiwa na milimita 2, tofauti ya milimita 12, ambayo kwa Aqua ni karibu asilimia 2. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo mita inapoonyesha kilomita 100 umekwenda karibu asilimia 2 zaidi ya ulivyokwenda kwa matairi ya zamani, na hesabu yako ya lita inatoka vibaya kuliko hali halisi. Endesha kwanza kilomita mia kadhaa ili mpira uzoee, kisha jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, katika kituo kilekile na pampu ileile, rudia kwa matangi kadhaa kwenye njia zako za kawaida, na pima umbali kwa ramani ya simu au kwa nguzo za kilomita za barabara kuu badala ya kuiamini dashibodi.